Ukadiriaji wa Tabia ya Muda katika Usanifu wa Mifumo ya Programu ya Wakati Halisi

Ikisiri

Mfumo wa kompyuta wa wakati halisi hupimwa kwa mambo mawili: usahihi wa jibu unalotoa na wakati ambao jibu hilo linatoka. Makala haya yanafafanua namna msanifu anavyoweza kukadiria tabia ya muda ya mfumo wa aina hiyo angali katika hatua ya usanifu, kabla programu haijakamilika. Yanaeleza dhana za msingi, ugumu wa kupata muda mrefu kabisa wa utekelezaji, na mbinu za kukokotoa muda wa mwitiko. Aidha, yanatumia kielelezo kimoja cha hesabu pamoja na matukio mawili ya kihistoria, yaani kutua kwa Apollo 11 mwaka 1969 na safari ya Mars Pathfinder mwaka 1997. Hoja kuu ni kwamba makadirio ya muda ni ahadi yenye masharti, na kwamba mifumo mingi huanguka pale masharti hayo yanapoachwa bila kuandikwa, hata kama hesabu yenyewe ilikuwa sahihi.

1.0 Utangulizi

Programu ya kawaida, kama vile ya kuandikia barua au ya kutunza hesabu za duka, ikichelewa kwa nusu sekunde mtumiaji hukereka tu. Hali ni tofauti kwa programu inayoongoza breki za gari, pampu ya kuingiza dawa mshipani au usukani wa ndege. Humo jibu sahihi lililochelewa huwa na thamani sawa na jibu lisilo sahihi, na pengine madhara yake huwa makubwa zaidi, kwa kuwa kifaa huendelea kutenda kwa kutegemea hali iliyokwisha kupita.

Dhana ya wakati halisi huchanganywa mara nyingi na dhana ya kasi. Mfumo wenye kasi kubwa hutoa majibu upesi kwa wastani; mfumo wa wakati halisi hutoa kila jibu kabla ya ukomo uliowekwa. Kompyuta inayojibu kwa milisekunde 1 mara 999 na kwa milisekunde 400 katika mara ya elfu ina wastani mzuri, lakini haifai kuongoza kifaa ambacho ukomo wake ni milisekunde 20. Kwa sababu hiyo, wastani hauna nafasi kubwa katika mjadala huu. Kinachotafutwa ni kikomo cha juu ambacho mfumo hautakivuka katika mazingira yote yanayokubalika.

Tatizo la msanifu ni kwamba kikomo hicho kinahitajika mapema. Uamuzi kuhusu aina ya kichakataji, idadi ya vihisi na mgawanyo wa majukumu hufanywa wakati sehemu kubwa ya programu bado ni michoro. Ikigunduliwa mwishoni kwamba muda hautoshi, gharama ya kubadili maunzi huwa kubwa, na kishawishi cha kupunguza ukaguzi wa usalama ili kuokoa muda huwa kikubwa vilevile. Waswahili husema tahadhari kabla ya hatari. Katika uwanja huu tahadhari hiyo huchukua sura ya hesabu.

2.0 Dhana za Msingi

Mfumo wa wakati halisi hugawanywa katika majukumu. Kila jukumu linalojirudia huelezwa kwa vigezo vitatu. Cha kwanza ni kipindi, yaani muda kati ya kuanza kwake mara moja na kuanza kwake tena. Cha pili ni ukomo wa muda, yaani wakati ambao lazima liwe limemalizika tangu lilipoitwa. Cha tatu ni muda mrefu kabisa wa utekelezaji, yaani muda mkubwa zaidi ambao kichakataji kinaweza kuutumia kulitekeleza endapo halikukatizwa na jukumu lolote jingine.

Muda wa utekelezaji hutofautiana na muda wa mwitiko. Muda wa mwitiko huhesabiwa tangu jukumu linapoitwa hadi linapomalizika, na ndani yake mna muda wa kusubiri majukumu yenye kipaumbele cha juu zaidi, muda wa kusubiri rasilimali iliyofungwa, na muda unaoliwa na makatizo ya maunzi. Ukomo hulinganishwa na muda wa mwitiko, wala si na muda wa utekelezaji. Kosa la kulinganisha ukomo na muda wa utekelezaji peke yake ni la kawaida katika rasimu za awali za usanifu, na sehemu ya nne itaonyesha ukubwa wake.

3.0 Ugumu wa Kupata Muda Mrefu Kabisa wa Utekelezaji

Ipo sababu ya kinadharia inayozuia jawabu la jumla. Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua, kwa kila programu, iwapo itasimama au la. Ikiwa haiwezekani kujua kwa ujumla kama programu itasimama, haiwezekani pia kujua kwa ujumla itachukua muda gani. Kwa hiyo programu za wakati halisi huandikwa kwa kujiwekea mipaka: kila kitanzi huwa na idadi ya juu ya mizunguko inayojulikana, kujiita kwa kazi bila kikomo huepukwa, na kumbukumbu hutengwa mapema badala ya kuombwa wakati programu inaendelea.

Mipaka hiyo ikishawekwa, zipo njia mbili kuu za kupata makadirio. Njia ya kwanza ni upimaji. Programu huendeshwa mara nyingi kwenye maunzi yaleyale yatakayotumika, na muda mrefu zaidi ulioonekana huandikwa. Faida yake ni kwamba inahusu kifaa chenyewe. Upungufu wake ni kwamba muda mrefu zaidi ulioonekana si lazima uwe muda mrefu zaidi unaowezekana. Programu yenye matawi 30 ya masharti yanayojitegemea ina njia zaidi ya bilioni moja za kupitia. Hakuna jaribio litakalozipitia zote. Hivyo upimaji hutoa kikomo cha chini cha jambo ambalo msanifu anahitaji kikomo chake cha juu.

Njia ya pili ni uchanganuzi tuli. Hapa programu haiendeshwi. Muundo wake na maelekezo yake ya mashine huchunguzwa pamoja na kielelezo cha kichakataji, kisha njia ndefu kuliko zote hutafutwa kwa hesabu. Njia hii hutoa kikomo cha juu, mradi kielelezo cha kichakataji ni sahihi. Ugumu wake umeongezeka kadiri vichakataji vilivyoendelea. Katika vichakataji vya zamani kila elekezo lilikuwa na muda wake maalumu. Katika vichakataji vya leo muda wa elekezo moja hutegemea historia: kama data imo ndani ya kache au haimo, kama tawi lilibashiriwa vyema au vibaya, na kama viini vingine vya kichakataji vinagombea kumbukumbu ileile.

Utafiti wa Lundqvist na Stenström wa mwaka 1999 ulibainisha jambo linalopingana na mazoea: katika vichakataji vinavyobadili mpangilio wa maelekezo, kuikuta data ndani ya kache kunaweza kurefusha muda wa jumla badala ya kuufupisha. Maana yake kwa msanifu ni kwamba kukusanya hali mbaya zaidi ya kila sehemu ndogo hakuhakikishi kuwa hali mbaya zaidi ya mfumo mzima imepatikana. Kwa sababu hiyo, pale ambapo usalama wa watu unahusika, uchaguzi wa kichakataji chepesi kinachotabirika unaweza kuwa bora kuliko uchaguzi wa kichakataji chenye nguvu kisichotabirika.

4.0 Kutoka Jukumu Moja hadi Mfumo Mzima

Makadirio ya kila jukumu yakishapatikana, swali linalofuata ni kama majukumu yote yanaweza kukaa pamoja kwenye kichakataji kimoja. Liu na Layland walitoa msingi wa jawabu mwaka 1973. Walionyesha kwamba, kwa majukumu yanayojirudia, yasiyotegemeana na ambayo ukomo wake ni sawa na kipindi chake, mpango bora wa vipaumbele visivyobadilika ni kulipa kipaumbele cha juu zaidi jukumu lenye kipindi kifupi zaidi. Walionyesha pia kwamba majukumu hayo yatatimiza ukomo wake daima iwapo jumla ya matumizi ya kichakataji haizidi kiwango fulani. Kiwango hicho ni takriban asilimia 78 kwa majukumu matatu, nacho hushuka kuelekea takriban asilimia 69 kadiri idadi ya majukumu inavyoongezeka.

Kielelezo cha kufikirika kitasaidia. Tuchukulie pampu ya kuingiza dawa mshipani yenye majukumu matatu. Jukumu la kwanza husoma kihisi cha shinikizo. Kipindi chake ni milisekunde 10 na muda wake mrefu kabisa wa utekelezaji ni milisekunde 3. Jukumu la pili hurekebisha mwendo wa mota. Kipindi chake ni milisekunde 20 na muda wake ni milisekunde 5. Jukumu la tatu huonyesha taarifa kwenye kioo. Kipindi chake ni milisekunde 50 na muda wake ni milisekunde 14. Matumizi ya kichakataji ni asilimia 30, 25 na 28, na jumla yake ni asilimia 83.

Jumla hiyo inazidi asilimia 78. Hata hivyo, haifuati kwamba mfumo haufai. Kipimo cha Liu na Layland kinatosheleza lakini si cha lazima: mfumo uliokifaulu ni salama, ilhali mfumo usiokifaulu unahitaji kuchunguzwa zaidi. Uchunguzi huo hufanywa kwa ukokotoaji wa muda wa mwitiko, ulioelezwa na Joseph na Pandya mwaka 1986. Muda wa mwitiko wa jukumu huwa ni muda wake wenyewe ukijumlishwa na muda wa kila jukumu la juu yake, mara idadi ya mara ambazo jukumu hilo la juu litaitwa katika kipindi hicho cha kusubiri. Kwa kuwa muda wa mwitiko huonekana pande zote mbili za mlinganyo, hesabu hurudiwa hadi itulie.

Kwa jukumu la tatu, hesabu huanza na 14 + 3 + 5, yaani milisekunde 22. Katika milisekunde 22 jukumu la kwanza huitwa mara 3 na la pili mara 2, hivyo jawabu jipya ni 14 + 9 + 10, yaani 33. Katika milisekunde 33 jukumu la kwanza huitwa mara 4 na la pili mara 2, hivyo jawabu huwa 14 + 12 + 10, yaani 36. Hesabu ikirudiwa kwa 36, jawabu halibadiliki. Muda wa mwitiko wa jukumu la tatu ni milisekunde 36, chini ya ukomo wa 50. Jukumu la pili hupata milisekunde 8, na la kwanza milisekunde 3. Mfumo unafaa.

Kielelezo hikihiki kinaonyesha jinsi matokeo yanavyotegemea makadirio. Ikiwa jukumu la kwanza kwa kweli linahitaji milisekunde 4 badala ya 3, muda wa mwitiko wa jukumu la tatu hufikia 40, na mfumo bado unasimama. Likihitaji milisekunde 5, jumla ya matumizi hufikia asilimia 103, na hakuna mpango wowote wa vipaumbele utakaouokoa. Kosa la milisekunde 2 katika jukumu dogo kuliko yote linatosha kuuangusha mfumo mzima, na madhara yake huonekana kwanza katika jukumu la tatu, ambalo halikukosewa makadirio. Mtafiti wa hitilafu anayeanza kuchunguza pale dalili zilipojitokeza atachunguza mahali pasipo na kosa.

5.0 Majukumu Yanayogawana Rasilimali

Hesabu ya sehemu iliyotangulia ilichukulia kwamba majukumu hayategemeani. Katika mifumo mingi majukumu hugawana data, na data hiyo hulindwa kwa kufuli ili isisomwe na jukumu moja wakati inaandikwa na jingine. Tuchukulie kwamba jukumu la tatu la pampu hushikilia kufuli kwa milisekunde 3 linaponakili thamani za shinikizo. Jukumu la kwanza likifika mara tu baada ya kufuli kushikwa, hulazimika kusubiri. Jukumu la pili, ambalo halihitaji kufuli hilo kabisa, likiitwa wakati huo, litalikatiza jukumu la tatu kwa milisekunde 5. Matokeo ni kwamba jukumu lenye kipaumbele cha juu kuliko yote humalizika baada ya 3 + 5 + 3, yaani milisekunde 11, na ukomo wake wa milisekunde 10 unavunjika.

Hali hiyo huitwa ugeuzwaji wa vipaumbele, na ilijitokeza katika chombo cha Mars Pathfinder kilichotua kwenye sayari ya Mihiri tarehe 4 Julai 1997. Baada ya kutua, kompyuta ya chombo ilianza kujiwasha upya yenyewe mara kadhaa. Uchunguzi ulionyesha kwamba jukumu la chini la kukusanya data za hali ya hewa lilishikilia kufuli lililohitajiwa na jukumu la juu la kusambaza data za mkondo wa mawasiliano wa ndani ya chombo. Majukumu ya kati yaliingia katikati, jukumu la juu likachelewa, na utaratibu wa ulinzi ukaiwasha kompyuta upya. Wahandisi waliirudia hali hiyo kwenye nakala ya chombo iliyokuwapo duniani, kisha wakatuma marekebisho yaliyowezesha urithi wa vipaumbele kwenye kufuli hilo.

Urithi wa vipaumbele, ambao nadharia yake ilichapishwa na Sha, Rajkumar na Lehoczky mwaka 1990, hulipa jukumu linaloshikilia kufuli kipaumbele cha jukumu linalolisubiri. Katika kielelezo cha pampu, jukumu la pili halitaweza tena kuingia katikati, na muda wa mwitiko wa jukumu la kwanza hushuka hadi 3 + 3, yaani milisekunde 6. Jukumu la pili nalo huweza kucheleweshwa kwa milisekunde 3, hivyo muda wake wa mwitiko hupanda kutoka 8 hadi 14, chini ya ukomo wake wa 20. Gharama ipo, lakini ina kikomo kinachojulikana.

Takwimu hizi huwezesha kukadiria pia muda tangu tukio la nje hadi kitendo cha kifaa. Shinikizo likibadilika mara tu baada ya kihisi kusomwa, mfumo hungoja kipindi kizima cha milisekunde 10, kisha milisekunde 6 za mwitiko wa jukumu la kwanza. Jukumu la pili likiwa limekwisha kusoma thamani ya zamani, huongezeka milisekunde 20 za kipindi chake na 14 za mwitiko wake. Kikomo cha juu ni milisekunde 50. Msanifu aliyejumlisha muda wa utekelezaji peke yake angetaja milisekunde 8.

6.0 Mzigo Usioandikwa katika Programu

Tukio la Apollo 11 linaonyesha upungufu wa aina nyingine. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha kutulia mwezini kilipokuwa kinashuka, kompyuta yake ilitoa tahadhari za namba 1202 na 1201. Tahadhari hizo zilimaanisha kwamba nafasi za kumbukumbu za kuendeshea majukumu zilikuwa zimekwisha, kwa kuwa majukumu mapya yalikuwa yanaitwa kabla ya yale ya awali kumalizika.

Chanzo hakikuwa katika programu ya kuongoza mshuko. Rada ya kukutanisha vyombo, kutokana na tofauti ya awamu kati ya vyanzo viwili vya umeme, ilikuwa inatuma mapigo yasiyo na maana kwenye vihesabio vya kompyuta. Vihesabio viwili vilipokea hadi mapigo 6,400 kila kimoja kwa sekunde, na kila pigo lilikula mzunguko mmoja wa kumbukumbu wa mikrosekunde 11.7. Mapigo 12,800 kwa sekunde yalichukua takriban sekunde 0.15 katika kila sekunde, yaani asilimia 15 ya uwezo wa kompyuta. Hakuna mstari wowote wa programu ulioonyesha matumizi hayo. Jukumu kuu la kuongoza mshuko, lililokuwa na kipindi cha sekunde 2, halikuweza kumalizika kwa wakati, hasa mwanaanga alipoomba onyesho la ziada kwenye kioo.

Kutua hakukusitishwa, kwa sababu wasanifu walikuwa wameweka mambo mawili. La kwanza ni mpangilio wa majukumu kwa vipaumbele, ambao msingi wake ulibuniwa na Hal Laning. La pili ni utaratibu wa kuanza upya, ambao ulifuta majukumu yote na kuyarejesha yale ya lazima tu pale yalipoishia. Uongozaji wa injini uliendelea, na maonyesho yasiyo ya lazima yaliachwa. Makadirio ya muda yalikuwa yamekosewa, lakini usanifu ulikuwa umejibu mapema swali la nini kifanyike iwapo makadirio yatakosewa.

7.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na mjadala huu, hatua tano zinapendekezwa kwa msanifu.

Kwanza, ukomo wa muda utokane na kifaa kinachoongozwa, usitokane na uwezo wa kompyuta iliyopo. Msanifu aanze na swali la muda gani unaweza kupita kabla ya madhara kutokea.

Pili, muda huo ugawanywe kama bajeti: kila jukumu lipewe fungu lake kabla halijaandikwa, na mwandishi wa programu awajibike kutozidi fungu hilo. Makadirio ya awali yanaweza kutokana na kuhesabu hatua za kanuni itakayotumika, na vielelezo vidogo vinavyoendeshwa kwenye maunzi yaliyokusudiwa.

Tatu, kila tarakimu iambatane na masharti yake: kichakataji kipi, mipangilio ipi ya programu tafsiri, idadi gani ya juu ya mizunguko, na mara ngapi kila katizo linaweza kutokea kwa sekunde. Tarakimu isiyo na masharti haiwezi kukaguliwa.

Nne, upimaji na uchanganuzi tuli vitumike pamoja. Muda uliopimwa ukizidi kikomo kilichokokotolewa, kielelezo cha kichakataji kina kosa. Ukiwa chini sana ya kikomo hicho, ama majaribio hayakufika kwenye njia ngumu, ama kikomo kimepanuliwa kupita kiasi.

Tano, usanifu ueleze kitakachotokea ukomo utakapovunjika: jukumu lipi litaachwa, lipi litaendelea, na kifaa kitaingia katika hali gani salama.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba hesabu za ukadiriaji wa muda si ngumu kupita kiasi. Ukokotoaji wa muda wa mwitiko wa majukumu matatu unaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi. Ugumu upo katika vitu vinavyoingizwa ndani ya hesabu hizo. Katika Mars Pathfinder kilichosahauliwa kilikuwa utegemeano wa majukumu, na katika Apollo 11 kilikuwa mzigo wa maunzi. Mifumo yote miwili ilikuwa imejengwa na wataalamu na kujaribiwa kwa bidii. Kwa hiyo mtahini wa kazi ya usanifu wa wakati halisi asiridhike na jedwali la muda lililojaa tarakimu. Aulize kila tarakimu imepatikanaje, inashikilia katika masharti yapi, na mfumo utafanya nini siku masharti hayo yatakapokoma kuwa kweli.